Kihispania cha Hispania au cha Meksiko: uchague kipi kwa kuzungumzia vitu ulivyonunua?

Salamu za Kihispania zinajifunzika kwa muda mfupi. Wengi hukwama kwenye kinachofuata baada ya salamu, na mara nyingi kinachofuata ni vitu: viatu vipya vya mwenzako, simu uliyobadilisha, bei uliyolipa, duka uliloendea, suruali uliyorudisha kwa kuwa haikukutosha. Anayetaka kukaa na watu na kupiga nao soga anahitaji sentensi hizi mapema kuliko majina ya wanyama wa porini. Na hapo ndipo anapokutana na uamuzi ambao vitabu vingi vya kujifunzia havimwelezi. "Nimejinunulia jaketi" husemwa hivi Madrid na vile katika Jiji la Meksiko. Kitenzi kinabadilika, jina la jaketi linabadilika, na hata namna ya kumjibu muuzaji inabadilika.

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20 na kila nchi ina ladha yake. Nimezishika hizi mbili kwa sababu ndizo zinazomgusa zaidi msomaji wa Kiswahili. Wageni wengi wenye lugha hii wanaofika Arusha na Zanzibar wanatoka Hispania, na vitabu vingi vya darasani huchapwa huko. Meksiko nayo ndiyo nchi yenye wasemaji wengi kuliko zote, zaidi ya milioni 120, na Kihispania chake ndicho Mswahili aliyehamia Marekani hukisikia kiwandani, shambani na dukani. Watu wa nchi hizi mbili wanaelewana vizuri, kwa hiyo utakachochagua hakitapotea bure. Ila ukivichanganya vyote viwili tangu mwanzo utachelewa, maana kila sentensi itakuwa na njia mbili kichwani na ulimi utasita katikati.

Mazungumzo yaleyale, miji miwili

Madrid, marafiki wawili wanakutana:

— ¡Qué chaqueta tan chula! ¿Es nueva?
— Sí, me la he comprado esta mañana.
— ¿Y cuánto te ha costado?
— Veinte euros, en las rebajas.
— ¡Qué chollo!

Jiji la Meksiko, marafiki wengine wawili:

— ¡Qué padre está tu chamarra! ¿Es nueva?
— Sí, me la compré hoy en la mañana.
— ¿Y cuánto te costó?
— Trescientos pesos, en el tianguis.
— ¡Te salió regalada!

Sisi tungesema: "Jaketi kali hilo! Ni jipya?" "Ndiyo, nimelinunua leo asubuhi." "Limekugharimu kiasi gani?" Kisha ikitajwa bei: "Aa, hiyo bei ya chee!" Wa Madrid alinunua kwenye *rebajas*, yaani msimu wa punguzo ambao kwa desturi huanza baada ya sikukuu ya Mamajusi ya Januari 6, na mara ya pili mwezi Julai. Wa Meksiko alinunua kwenye *tianguis*, gulio la mtaani linalofungwa na kufunguliwa kwa siku maalumu za wiki. Neno lenyewe limetoka Kinahuatl, lugha iliyokuwapo Meksiko kabla ya Wahispania kufika.

Yasome mazungumzo hayo kwa sauti, moja baada ya jingine, kabla ya kuendelea. Karibu kila tofauti iliyo muhimu imo ndani ya mistari hiyo kumi.

Kitenzi: upande huu Hispania inatufaa

Hispania hutenganisha *me he comprado* na *me compré*. Ya kwanza ni ya jambo la leo, la wiki hii, la mwezi huu ambao bado haujaisha. Ya pili ni ya jana na kurudi nyuma. *Esta semana me he gastado cien euros en ropa*, wiki hii nimetumia yuro mia kwenye nguo. *El año pasado me compré un portátil*, mwaka jana nilijinunulia kompyuta mpakato. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa sana mantiki hii, kwa kuwa ana -me- na -li- mdomoni tangu utotoni. Mipaka hailingani kila mahali, lakini ukiweka *he* palipo na -me- katika mazungumzo ya manunuzi, mara nyingi utakuwa umepatia.

Meksiko, *compré* hubeba kazi zote mbili. Hata kitu kilichonunuliwa saa hii ni *me lo compré ahorita*. Umbo la *he comprado* lipo, lakini hutumika zaidi kwa jambo linaloendelea au lililojirudia hadi sasa: *He comprado aquí muchas veces*, nimenunua hapa mara nyingi. Kwa hiyo Meksiko unapunguziwa umbo moja la kila siku, lakini unalazimika kuacha mazoea ya -me- na -li-.

Kuna jambo la pili kuhusu kitenzi, nalo lina uzito kuliko la kwanza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania nacho hufanya hivyo kwa maneno mengi yanayoishia na irabu, na ndiyo maana *zapato*, *camisa*, *dinero* na *barato* hututoka kama yetu. *Comprado*, *pagado*, *gastado* na *costado* pia ziko hivyo. Lakini wakati uliopita wa Meksiko umejaa mkazo wa mwisho: *compré*, *pagué*, *gasté*, *costó*, *encontré*. Ulimi wa Kiswahili unataka kuurudisha mkazo nyuma, na ukiurudisha maana inabadilika:

*compro*: nanunua
*compró*: alinunua
*compre*: nunua (kwa heshima)
*compré*: nilinunua

Mtu akisema *mi hermana me compro esta bolsa* bila kupandisha sauti mwishoni, sentensi inavunjika na msikilizaji anabaki kukisia nani alinunua nini. Alama ile ndogo juu ya *ó* ndiyo inayotaja wakati na mtendaji. Anayejifunza Kihispania cha Meksiko atakutana nayo katika karibu kila sentensi ya manunuzi, kwa hiyo aifanyie mazoezi peke yake mpaka izoeleke: com-PRÉ, com-PRÓ, cos-TÓ, pa-GUÉ.

Kwingine kitenzi hakitofautiani, na hapo pande zote mbili zinatupendelea. *Comprarse* ni kujinunulia. *Me compré* na "nilijinunulia" zinafanya kazi moja, na *mi hermana me la compró* ni "dada yangu alininunulia". Kile kiambishi cha mtendwa tunachokiweka ndani ya kitenzi, "ni-li-li-nunua jaketi", Kihispania hukiweka mbele ya kitenzi kama neno dogo: *la compré*. Sisi tuna ngeli nyingi, wao wana jinsia mbili na wingi wake, *lo, la, los, las*. Wazungumzaji wa lugha nyingine huhangaika sana na vijineno hivi, lakini kwetu kulinganisha kitu na kiwakilishi chake si jambo geni.

Kumwita mtu: hapa Meksiko inapumzisha

Hispania ina *tú* kwa rafiki, *usted* kwa anayeheshimiwa, *vosotros* kwa marafiki wengi, na *ustedes* kwa wengi wanaoheshimiwa. *Vosotros* inakuja na safu yake nzima ya vitenzi: *¿Qué os habéis comprado?*, mmejinunulia nini? Meksiko hakuna *vosotros*. Wengi wote, marafiki au wakubwa, ni *ustedes*: *¿Qué se compraron?* Kwa mwanafunzi hii ni nafuu kubwa, maana katika kila kitenzi atakachojifunza maishani mwake kuna umbo moja ambalo hatalihitaji kulitamka. Atalielewa akilisikia, basi.

Upande wa heshima nao una mengi. Aliyelelewa kwa "shikamoo" atajisikia nyumbani Meksiko, ambako mgeni, mzee na muuzaji huambiwa *usted* bila kufikiri. Mama wa sokoni atakuita *marchanta* au *marchante*, neno la kumwita mteja, na pengine *güerita* hata kama ngozi yako ni nyeusi kabisa. Neno hilo kwa asili ni la mtu mweupe, lakini sokoni limekuwa la kubembeleza mnunuzi yeyote. Atauliza *¿Qué le damos?*, tukupe nini, nawe utajibu *¿A cómo el kilo?*, kilo ni bei gani, kisha *Me da medio kilo, por favor*, naomba nusu kilo. Usiposikia alichosema, sema *¿Mande?*, jibu la adabu ambalo Hispania halitumiki sana.

Madrid muuzaji atakuuliza *¿Qué te pongo?*, kwa *tú*, hata kama una mvi kichwa kizima. Nawe unatakiwa kujibu vivyo hivyo: *Ponme un kilo de tomates*. Ni amri tupu, "niwekee kilo ya nyanya", bila "naomba" yoyote. Mswahili anaona haya kusema hivyo. Anaongeza *por favor* mara tatu na kusuka sentensi ndefu ya kuomba radhi, muuzaji akamwangalia akishangaa anaomba nini hasa. Pale adabu imo kwenye sauti, kwenye *hola* ya kuingilia na *gracias, hasta luego* ya kutokea. Na ukifika kwenye kibanda chenye watu, usipange foleni kimyakimya: uliza *¿Quién es el último?* Mmoja atajibu *yo*, nawe utajua zamu yako iko nyuma ya nani.

Majina ya vitu

Watu wengi huanza kulinganisha hapa, lakini mimi nimeiweka nyuma kwa makusudi. Jina la kitu unaweza kulionyesha kwa kidole, kitenzi hakionyesheki. Hata hivyo, haya ndiyo maneno ambayo hutajwa sana mtu anapozungumzia alichonunua:

| Kitu | Hispania | Meksiko |
|---|---|---|
| simu ya mkononi | el móvil | el celular |
| kompyuta | el ordenador | la computadora |
| raba | las zapatillas, las deportivas | los tenis |
| fulana | la camiseta | la playera |
| sweta | el jersey | el suéter |
| jaketi | la chaqueta, la cazadora | la chamarra |
| jinzi | los vaqueros | los jeans, el pantalón de mezclilla |
| mkoba wa kike | el bolso | la bolsa |
| hereni | los pendientes | los aretes |
| miwani | las gafas | los lentes |
| vidude vya kusikilizia masikioni | los auriculares, los cascos | los audífonos |
| juisi | el zumo | el jugo |
| nyanya nyekundu | el tomate | el jitomate |

Shati, sketi, soksi, saa, pete, gauni na viatu kwa jumla ni yaleyale kote: *camisa, falda, calcetines, reloj, anillo, vestido, zapatos*. *Estrenar* nalo ni la kote: kuvaa au kutumia kitu kwa mara ya kwanza. Ukikuta mtu amependeza na viatu vyake vinang'aa, muulize *¿Estrenando?* na mazungumzo yatajiendesha yenyewe.

Jedwali hili lina kazi nyingine pia. Ukitaka kujua kitabu au programu ya simu inafundisha Kihispania kipi, tafuta neno la simu ya mkononi. Ukikuta *móvil*, uko Hispania. Ukikuta *celular*, uko Amerika. Ukikuta kitabu kinasema *móvil* huku sauti zake zinasema *celular*, kiache.

Bei, namba na hela

Ni upande unaoweza kukupotezea pesa, kwa hiyo usome polepole.

Hispania huandika 19,95 €. Mkato ndio unaotenga senti, na alama ya yuro hukaa nyuma. Elfu moja na mia mbili huandikwa kwa nukta, 1.200 €. Aliyezoea risiti za Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuisoma kama yuro moja na senti ishirini, afurahie bure. Meksiko huandika kama sisi: $1,200.50, mkato kwa maelfu na nukta kwa senti. Mtego wa Meksiko ni ile alama ya $, ambayo hapo ni peso, si dola ya Marekani. Kwa mdomo, Mhispania husema *diecinueve con noventa y cinco*, na Mmeksiko *mil doscientos pesos con cincuenta centavos*.

Viatu navyo vina hesabu mbili. Hispania hutumia namba za Ulaya zilezile tunazozikuta kwenye mitumba: 38, 40, 42. Meksiko namba ya kiatu ni urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo anayevaa 42 Madrid ataomba 26 na nusu au 27 akiwa Meksiko. Ukijua hilo, swali la *¿De qué número calza?* halitakuchanganya.

Kihusishi cha bei pia hutofautiana. Hispania kitu hununuliwa *por* veinte euros. Meksiko husema pia *en*: *lo compré en trescientos pesos*. Ukiishiwa, Hispania utasema *no me llega*, Meksiko *no me alcanza*, zote zikiwa "hela hainitoshi". Hela yenyewe mtaani ni *pasta* kwa Wahispania na *lana* kwa Wameksiko. Kitu kikiwa ghali mno, *me ha costado un ojo de la cara* au *me costó un ojo de la cara*, kimenigharimu jicho la uso. Msemo ni mmoja, umebadilika kitenzi tu, kama ilivyokuwa kwenye jaketi.

Kupatana bei ni suala la mahali zaidi kuliko lugha. Kwenye maduka ya nchi zote mbili bei ni ile iliyobandikwa. Madrid utaweza kujaribu kwenye mnada wa El Rastro, unaofanyika Jumapili na sikukuu mtaa wa Ribera de Curtidores na vichochoro vyake: *¿Me lo dejas en quince?* Meksiko kupatana kunaingia zaidi katika siku ya kawaida ya soko, na Kihispania chake kina maneno matamu ya kazi hiyo. *¿En cuánto me lo deja?* Utaniachia kwa ngapi? *¿Cuánto es lo menos?* Hiyo ndiyo "bei ya mwisho ngapi" yetu, karibu neno kwa neno. Na lile *descuentito*, punguzo lililofanywa dogo kwa kiambishi -ito, linafanya kazi ya "punguza kidogo, mama" kwa upole uleule. Anayejua kupatana bei Kariakoo au Gikomba ana nusu ya somo hili tayari. Abaki kuongeza *usted*.

Kulipa nako kuna maneno yake. Hispania mtu akikununulia chakula utamwambia *te hago un Bizum*, nitakutumia kwa simu, kutokana na huduma ya benki za huko iliyoanza mwaka 2016. Sisi tulikuwa tunaambiana "nitumie M-Pesa" tangu 2007, kwa hiyo msemo hautakuwa mgeni. Mmeksiko atasema *te transfiero*. Kununua kwa awamu Hispania ni *a plazos*. Meksiko tangazo la kila dirisha la duka la vyombo vya umeme ni *meses sin intereses*, miezi bila riba, na kuwekewa kitu kwa arubuni ni *apartar*: *ya aparté los zapatos*, viatu nimeshawekesha. Novemba Wameksiko huzungumzia sana El Buen Fin, wikendi ya punguzo iliyoanzishwa mwaka 2011. Desemba huzungumzia *aguinaldo*, malipo ya mwisho wa mwaka ambayo sheria inamtaka mwajiri ayatoe kabla ya tarehe 20. *Con el aguinaldo me compré una tele* ni sentensi ya kweli ya Januari. Mwenzake wa Hispania atasema *con la paga extra*.

Kurudisha kitu dukani hakutofautiani sana. *Quería devolver esto* kwa Hispania, *Quisiera devolver esto* kwa Meksiko, na kote uwe na *el ticket*. Haikunitosha: *me queda pequeña* kwa Hispania, *me queda chica* kwa Meksiko. Basi.

Matamshi, kwa ufupi

Sehemu kubwa ya Hispania hutamka *z*, na *c* iliyo mbele ya *e* na *i*, kama th ya "thelathini": *zapatos* inakuwa thapatos, *gracias* inakuwa grathias. Meksiko zote ni s. Wageni wengi huiogopa th ya Kihispania, lakini mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayo bure. *J* ya Hispania hukwaruza koo kama kh ya "kheri" ikitamkwa na mzee wa Lamu, ya Meksiko ni laini kama h. *Ñ* ni ny kote.

La kuchunga kwa wote ni *r* na *rr*. *Caro* ni ghali, *carro* ni gari kwa Meksiko. Ukisema *es muy carro* ukimaanisha ni ghali, muuzaji ataelewa, ila atatabasamu. Tikisa ulimi kwa *rr* na uupige mara moja tu kwa *r*.

Basi, uchague kipi?

Kama wewe ni mwongoza watalii Arusha, una duka la vinyago na vikoi Mji Mkongwe, au unakwenda kusoma, kuuguza au kufanya kazi za shamba Hispania, jifunze cha Hispania na usiangalie nyuma. Wageni wako watauliza *¿cuánto cuesta?* na *¿me haces un descuento?*, wataambiana mbele yako *¿qué os habéis comprado?*, na ukimwambia mmoja *¡qué chulo!* kwa kofia aliyoinunua Moshi atafurahi kama mtu aliyekutana na wa kwao. Elekea huko huko pia kama safari yako ni ya Malabo, maana Kihispania cha Guinea ya Ikweta kiko karibu zaidi na cha Hispania kuliko cha Amerika.

Kama uko Marekani, au unatarajia kwenda huko, chukua cha Meksiko. Kundi kubwa zaidi la wazungumzaji wa Kihispania Marekani lina asili ya Meksiko, na Mkongo wa Kivu aliyepangiwa zamu moja na Mmeksiko atakisikia Kihispania chake kila siku ya kazi. Mapumziko ya chakula yakifika, *¿cuánto te costaron esos tenis?* itamfungulia urafiki kuliko somo zima la sarufi.

Wenye shida ya kuchagua ni wale ambao bado hawana mtu wala safari, wanaipenda lugha tu. Kwa hao ushauri wangu ni Meksiko, ingawa nimesema kitenzi cha Hispania kinakaa vizuri zaidi kinywani mwetu. Sababu ni kwamba nafuu hiyo ya Hispania ni ya muda. Mhispania naye husema *ayer me compré*, *el año pasado me costó*, kwa hiyo mkazo wa mwisho utakutana nao tu. Cha Hispania kinakuahirishia kazi hiyo, hakikuondolei. Nafuu ya Meksiko ni ya kudumu: *vosotros* ikishaondoka, imeondoka kwenye kila kitenzi. Isitoshe, *compré* na *ustedes* utazipeleka Guatemala, Kolombia na Peru na hakuna atakayekushangaa. Argentina wana *vos* yao badala ya *tú* na huuliza *¿cuánto te salió?*, lakini nao *ustedes* ni ileile.

Wanaotaka cheti wasiwe na hofu. Mtihani wa Kihispania wa DELE, unaosimamiwa na Instituto Cervantes kwa niaba ya serikali ya Hispania, haumnyimi alama mtu kwa kusema *celular* badala ya *móvil*. SIELE nao umeundwa na Instituto Cervantes pamoja na vyuo vikuu vya Meksiko, Salamanca na Buenos Aires, na sauti za pande zote husikika ndani yake. Wanachotaka ni uthabiti: ukianza na *ustedes*, umalize na *ustedes*.

Namna ya kujifunza iwe moja kwa vyote viwili. Chukua vitu vitano ulivyonunua karibuni, vitu vyako kweli, na kwa kila kimoja sema sentensi nne: nimenunua nini, wapi, kwa bei gani, na kwa nini nakipenda au nakijutia. Kwa Meksiko: *Me compré unos lentes. Los compré en el centro. Me costaron quinientos pesos. Me gustan porque son ligeros.* Kwa Hispania: *Me he comprado unas gafas. Las he comprado en el centro. Me han costado treinta euros. Me gustan porque son ligeras.* Angalia jinsi *los* ilivyogeuka *las* na *ligeros* ikawa *ligeras*, kwa sababu *lentes* ni ya kiume na *gafas* ni ya kike. Kubadilisha nchi kumebadilisha hata upatanisho, na ndiyo maana nasema usichanganye mapema.

Siku utakapovuka upande wa pili, yapo machache ya kubadilisha kabla ya mengine yote. Ukitoka Hispania kwenda Meksiko, acha kwanza *coger*. Madrid *cojo esta* ni "nachukua hii", neno la kila dakika. Meksiko ni neno la chumbani, usilitamke mbele ya mama wa watu. Sema *me llevo esta*, ambayo ni salama kote. *Chaqueta* nayo ina maana ya mtaani isiyosemeka mbele ya wakwe, kwa hiyo *chamarra* ikutoke bila kufikiri. Ukitoka Meksiko kwenda Hispania hakuna hatari ya namna hiyo. Zoea kusikia *vale*, yaani "sawa", kila sentensi, tega sikio kwa *os* na *habéis*, na usikasirike kijana wa dukani aliye rika la mjukuu wako akikuambia *dime, ¿qué te pongo?*